Je, Aliyezizima Amelala?

MWALIMU WA BIOLOJIA, KITENGELA: Kisiwani Madagaska yuko lemuri mdogo mwenye mkia mnono, Cheirogaleus medius, ambaye kiangazi kikiingia hujitia kwenye tundu la mti na kukaa humo hata miezi 7. Mkia ndio ghala lake la mafuta. Kathrin Dausmann na wenzake walimfuatilia katika msitu wa Kirindy, magharibi mwa kisiwa hicho, na walipochapisha habari zake mwaka 2004 walizua mshangao wa aina mbili: kwanza kwamba mnyama wa jamii ya primati, ukoo wetu sisi na nyani, anaweza kuzizima, pili kwamba anazizima katika nchi ya joto, mahali pasipo theluji. Moyo unaopiga karibu mara 200 kwa dakika hushuka hadi mara 8 hivi, na kati ya pumzi moja na nyingine zinaweza kupita dakika 10. Yeyote atakayemkuta atasema huyu kalala fofofo. Mimi nasema hajalala. Tena nasema kwamba kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo usingizi ndio kitu anachokikosa, na akiutaka ni lazima kwanza apate joto.

Ushahidi wangu ni umeme wa ubongo. Usingizi wa kawaida wa mamalia una sura mbili: ule mzito, ambao mawimbi yake ni makubwa na ya polepole, na ule wa ndoto, ambao ubongo unachangamka huku misuli imelegea na macho yakichezacheza chini ya kope. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Andrew Krystal, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilichapisha vipimo vya lemuri hao wakiwa wamezizima. Usingizi mzito haukuonekana kabisa. Umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, ulipokuwa chini sana, mstari wa mashine ulikuwa karibu umenyooka, umeme mdogo kupita kiasi. Ubongo wa aliyelala haufanyi hivyo hata kidogo, kwa kuwa aliyelala ana kazi nyingi kichwani kuliko tunavyodhani.

MFUGAJI, KAJIADO: Mwalimu, umeharakisha kutuondolea neno tulilolizoea. Moto wa boma ukifukiwa majivu usiku hauwaki, lakini hakuna anayesema umezimika. Asubuhi unafukuliwa na unashika. Mnyama amejikunja, macho kafumba, hali, hanywi, hatembei, na msimu ukigeuka anaamka na kuendelea na maisha yake akiwa na akili timamu. Kama huko si kulala, basi ni kulala kwa namna nyingine. Mashine yako inapima umeme tu. Mimi ninaangalia anachokipata mnyama, nacho ni pumziko. Halafu nimekusikia vizuri: umetaja usingizi mzito kwamba haukuwapo. Ule wa ndoto je? Mbona umeupita kimyakimya?

MWALIMU: Sijaupita, Mzee, nilikuwa naufikia. Usingizi wa ndoto, au hali inayofanana nao sana, ulionekana kweli kwa lemuri wa Kirindy waliozizima. Lakini angalia ulionekana lini. Tundu la mti lenye ukuta mwembamba halizuii jua. Mchana joto la nje hupanda, tundu hupata joto, na mwili wa lemuri, ambao umeacha kujipasha wenyewe, hufuata tu; unaweza kupanda na kushuka nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya siku moja. Joto lilipofika nyuzi 30 au kupita hapo ndipo dalili za ndoto zilipojitokeza. Usiku baridi iliporudi, mstari ulinyooka tena. Kwa hiyo jua ndilo lililomfungulia mlango wa usingizi. Kama kuzizima kwenyewe kungekuwa usingizi, usingizi ungezidi kadiri anavyozidi kuzizima. Imekuwa kinyume chake.

Sasa wapeleke lemuri mahali ambapo jua halifiki. Katika misitu ya milimani mashariki mwa Madagaska wako jamaa zake wawili, Cheirogaleus crossleyi na Cheirogaleus sibreei, wanaojichimbia ardhini badala ya kukaa mtini. Udongo una ubaridi usiobadilika, hakuna mchana wala usiku. Marina Blanco na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo wao mwaka 2016. Ndani ya kuzizima, usingizi ulikuwa kama haupo. Lakini wanyama hawa hawakai hivyo mfululizo: kila baada ya siku kadhaa huunguza mafuta yao, hujipasha mpaka joto la kawaida, hukaa hivyo saa chache, kisha hupoa tena. Na katika saa hizo chache za joto, humo humo shimoni, ndipo wanapolala usingizi halisi, mzito na wa ndoto. Mnyama mwenye akiba ya mafuta iliyopimwa kwa gramu, asiyejua mvua itanyesha lini, anaichoma akiba hiyo apate joto, na joto hilo analitumia kulala. Hebu nieleze, Mzee, kama tayari alikuwa amelala, alikuwa anatafuta nini?

MUUGUZI, KITENGELA: Nilitaka kukaa kimya, Mwalimu, lakini hapo umeruka hatua. Kwenye jambo moja niko upande wako: hospitalini tunajua kwamba kutojitambua kuna namna nyingi. Mgonjwa aliyepigwa nusukaputi tunamwambia atalala kidogo kwa sababu ni maneno ya kumtuliza, lakini hali ile haiwi usingizi eti kwa sababu amefumba macho. Kwa hiyo sina shida kukubali kwamba lemuri aliyezizima hajalala. Ninachokataa ni pale unaposema anajipasha *ili* alale. Umeona mambo mawili yakifuatana ukasema moja limeletwa na jingine. Akipata joto, figo zinafanya kazi, kinga ya mwili inaamka, taka zinaondolewa. Huenda anajipasha kwa ajili ya hayo yote, na kwa kuwa ameshapata joto na yuko gizani hana pa kwenda, analala. Sote tungelala.

Na hoja yako si mpya. Mwaka 1991 Serge Daan, Brian Barnes na Arjen Strijkstra waliitoa kuhusu kuchakuro wa Aktiki, ambao mwili wao hupoa hata chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Waliuliza kama wanyama hao hujipasha ili wakalale, kwa sababu wakishapata joto walilala kwelikweli, tena kwa mawimbi makubwa, kama mtu anayelipa deni la usingizi. Ikapendeza sana. Lakini kabla muongo ule haujaisha watafiti wengine walifanya jambo rahisi: waliwazuia kuchakuro kulala mara tu walipojipasha. Kama ni deni, ukimzuia mdeni kulipa leo atalipa zaidi kesho. Haikuwa hivyo. Mawimbi yale makubwa yalififia tu na hayakurudi kudai chochote. Deni gani hilo ambalo usipolilipa linajifuta lenyewe?

MWALIMU: Hapo umenibana, Sista, na sitajifanya sikusikia. Majaribio yale yanalivunja neno “deni” kama tunavyolitumia kwa mtu aliyekesha. Aliyekesha ubongo wake ulikuwa kazini saa zote hizo, na uchovu unajilimbikiza kadiri anavyokuwa macho. Aliyezizima hakuwa kazini. Hakuwa macho wala hakuwa amelala. Saa ya uchovu karibu ilikuwa imesimama. Hata Krystal na wenzake walikiri jambo linalokaribiana na hilo kuhusu lemuri: ile hali ya ubongo kudai usingizi mzito ulioukosa, ambayo tumeizoea kwa mamalia karibu wote, kwao inapungua sana au haipo kabisa wanapokuwa wamezizima.

Lakini tazama hoja yako inatuacha wapi. Tuseme hakuna deni. Kinachobaki ni kazi ya kurekebisha. Kwa kuchakuro imeonekana kwamba wakati wa kuzizima matawi ya seli za neva katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu hunywea, na viungio vinavyounganisha seli hizo hupungua. Mnyama akipata joto, matawi hukua tena kwa muda wa saa chache. Ubongo uliopumzika hauhitaji kujengwa upya. Unaojengwa upya ni ule uliobomoka kidogo, na tunajua kutoka kwa wanyama wengine wengi kwamba usingizi ndio saa ambayo kazi ya namna hiyo hufanyika. Basi nitasema kwa unyenyekevu kuliko nilivyoanza: sina hakika kwamba lemuri anajipasha ili alale, lakini nina hakika kwamba kuzizima hakumpi kile ambacho usingizi unampa, na kwamba vitu hivi viwili haviwezi kubadilishana nafasi. Mwili unaweza kubana matumizi. Ubongo una sehemu ya matumizi ambayo haibaniki.

MFUGAJI: Sawa. Mmeshabishana kuhusu Madagaska na Aktiki, na mimi nimeelewa kuliko mnavyofikiri. Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu kuna komba. Ni mdogo, gramu 200 hivi, macho makubwa, anashinda kwenye tundu la mgunga na kutoka magharibi. Wakati wa ukame wadudu wakiadimika anaramba utomvu wa mgunga. Meno yake ya chini yamechongoka mbele kama kitana na anayatumia kuukwangua. Ukimulika tochi kwenye gome la mgunga mkubwa unaona pale utomvu ulipotoka na pale ulipokwanguliwa. Wapo watu watakaolisoma neno lenu kuhusu lemuri na kusema: kumbe wanyama hawa wana swichi. Ukame ukija wanajizima, mvua ikija wanajiwasha. Kwa nini basi mtu azuiwe kukata mgunga kwa ajili ya makaa, au kugawa shamba la malisho kuwa ploti za futi 50 kwa 100, ikiwa komba anaweza kujizima akangoja? Mimi ninauliza kwa sababu maneno ya kisayansi yakifika Kitengela huwa yanafika kwenye mikutano ya ardhi kwanza.

MWALIMU: Na hilo ndilo linalonifanya nisikubali neno “kulala” litumike ovyo. Komba na lemuri ni ukoo mmoja wa mbali. Mabaki ya komba wa kale yaliyopatikana magharibi mwa Kenya yana umri wa miaka milioni 18 hadi 20 hivi, na mwanasayansi Simpson aliwapa wanyama hao jina la kisayansi Komba mwaka 1967. Lakini undugu haukumpa komba swichi ya lemuri. Mwaka 2010 Julia Nowack na wenzake walichapisha uchunguzi wa komba wa kusini mwa Afrika, Galago moholi, jamaa wa karibu wa huyu wetu. Waligundua kwamba anaweza kuzizima, jambo ambalo hapo awali lilikanushwa. Ila walioonekana wakifanya hivyo walikuwa wachache na ilikuwa mara chache, kwa saa tu, wakiwa wamebanwa na baridi na uhaba wa chakula. Walichapisha tena mwaka 2013 na kuiita hali hiyo suluhisho la dharura. Komba wa kawaida akibanwa na baridi hujikunja na wenzake katika tundu moja wapashane joto, anapunguza mizunguko, na anategemea utomvu. Anayemwona amezizima anamwona mnyama aliyeishiwa njia.

MUUGUZI: Ni sawa na kumwona mtu kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ukasema ana uwezo wa ajabu wa kukaa bila kula. Nikiwa upande huu niongeze la kwetu. Hadithi ya lemuri imeuzwa sana kwa ahadi za tiba: kwamba siku moja tutamzizimisha mgonjwa wa kiharusi mpaka afike hospitali kubwa, au mwanaanga mpaka afike Mirihi. Ubaya ni kwamba wengi wanadhani kuzizima ni kupoa. Nchi tajiri hupoza watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, nyuzi 33 na kitu kwa saa 72, na huko imeokoa. Basi Mulago, Kampala, wakajaribu kwa chupa za maji ya bomba. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Walikuwa watoto 36 tu, na waliopozwa walikufa wengi zaidi. Idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu. Lakini mwaka 2021 ukatoka uchunguzi mkubwa zaidi, watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh: waliofariki katika kundi la waliopozwa walikuwa asilimia 42, na katika kundi jingine asilimia 31. Ninayataja haya kwa sababu mtu akikwambia tumwige lemuri, muulize anamwiga nini.

MWALIMU: Anaiga mwisho wa mambo na kuacha mwanzo. Lemuri anapunguza kwanza umetaboli. Anazima tanuri, ndipo mwili unapoa kwa sababu hakuna kinachoupasha. Binadamu ukimpoza tanuri yake bado inawaka, tena inaongeza nguvu: anatetemeka, moyo unahangaika, na ndiyo maana hospitalini mnampa dawa za kuzuia kutetemeka. Na kule Kirindy imeonekana kwamba lemuri anaweza kuzizima akiwa na joto la nyuzi 30 na zaidi. Hiyo inatuambia kwamba ubaridi si kiini. Ndiyo sababu huyu ana thamani kwetu kuliko kuchakuro wa theluji. Sikubaliani na anayesema tuache. Ule mstari ulionyooka, ambao umeonekana kwa lemuri na kwa kuchakuro vilevile, unaweza siku moja kuwa alama ya kumwonyesha daktari kwamba ameufikia umetaboli anaoutaka. Ninachosema ni kwamba hata siku hiyo ikifika, mgonjwa aliyezizimishwa wiki moja ataamka akiwa na haja ya kulala, na atakayempangia matibabu akidhani amelala wiki nzima atakuwa amekosea hesabu.

MUUGUZI: Basi tupime hapa. Tumechoka kuazima mifano. Msitu wa Oloolua uko mlangoni pa Kajiado, na taasisi ya utafiti wa primati iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 iko humo humo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaeleza vibali vinavyohitajika, na vifaa vya kurekodi vimekuwa vidogo. Komba kumi wakivishwa vipimo kwa ukame mmoja, tutajua kama wa huku hujizima au hawajizimi, na Mzee hatahitaji kujibizana na wauza ploti kwa mifano ya kusini mwa Afrika.

MFUGAJI: Hapana, Sista. Unataka kuanza na mnyama wakati hujaangalia nyumba yake. Mwalimu mwenyewe amesema: ukuta wa tundu ukiwa mwembamba, jua linampasha lemuri bure; kwa hiyo ukiwa mnene, anakaa na baridi yake na inabidi aunguze mafuta kujipasha. Basi siri iko kwenye mti. Chukua vipimajoto, vitie kwenye matundu ya migunga minene na myembamba, kuanzia Kitengela hadi Namanga, Julai wakati wa baridi na Februari wakati wa jua. Huhitaji kumshika komba hata mmoja wala kumtia waya kichwani. Ukishajua tundu lipi lina usiku wa nyuzi ngapi, ndipo uje uniambie kama ni lazima kumfunga mnyama ambaye, kwa maneno yenu wenyewe, akizizima yuko taabani. Kumshika wakati huo ni kumuongezea gharama asiyoweza kulipa.

MUUGUZI: Joto la tundu halitakwambia ubongo unafanya nini, Mzee. Lemuri wa Kirindy angebaki “amelala” mpaka leo kama hakuna aliyethubutu kumvisha vipimo. Unataka tulinde mnyama kwa kubahatisha?

MFUGAJI: Ninataka tulinde mgunga kwa yale tunayoyajua tayari. Utomvu tunaujua, tundu tunalijua, na mwenye tanuri la makaa tunajua anapita lini. Mti wenye tundu ni mti mzee, na mzee ndiye anayetoa makaa mazuri. Utafiti wako wa ukame mmoja utahitaji kibali, kamati na fedha. Tanuri linahitaji siku chache.

MWALIMU: Mzee, vipimajoto nitavitia, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuvisoma. Lakini nakutahadharisha kuhusu jibu linaloweza kutoka. Inawezekana tundu la mgunga mwembamba, ule mchanga, likaonekana lina joto zuri la mchana kuliko la mgunga mzee. Mtu wa ploti atalishika jibu hilo: atasema tuache michanga, tukate mizee. Utamwambia nini?

MFUGAJI: Nitamwambia mchana komba yumo ndani na wenzake, hana shida ya joto la mchana. Shida yake ni saa kumi za usiku, Julai, akirudi hajapata kitu. Kapime saa hiyo.

MUUGUZI: Na nani atakuwa macho saa kumi za usiku kusoma vipimo?

MWALIMU: Vinajirekodi vyenyewe, Sista. Kinachohitaji mtu wa kukesha ni mti, usikatwe kabla hatujarudi kuvichukua.